Pombe Nyeusi ya Kumzuia Filomena

Jumatatu, 10 Julai 1972

Mwalimu Hayat wa kisomo amesema tuandike kila siku, hata mistari mitano, la sivyo herufi zitatukimbia. Hakusema tuandike nini. Amesema hatasoma, ataangalia tu kama kurasa zimejaa. Basi najaza. Nina miaka arobaini na mitatu, au minne, na mkia wa herufi g bado unanishinda.

Leo nimepata habari mbaya. Wengine wanaiita njema. Filomena wangu anataka kuolewa.

Kaniambia asubuhi nikiosha masufuria, kasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kijana anaitwa Elinaza. Bwana shamba. Mpare. Nikauliza kama kazi yake iko hapa Dar es Salaam. Akasema hapana, amepangiwa kijiji cha ujamaa huko kwao Same, wataondoka mwezi wa kumi. Nikauliza Same ni wapi. Akasema ukiwa unakwenda Moshi unaipita njiani. Nimekaa chini, juu ya sufuria.

Sina mwingine. Wawili walitangulia tukiwa bado Songea, hawakuwahi hata kutembea. Filomena peke yake ndiye aliyeamua kubaki. Sasa naye aende Same!

Jioni nimemwambia mume wangu, Kasimiri, kwamba huyo kijana si wa dini yetu, ni Msabato. Kajibu Mungu ni mmoja, mengine watamalizana na padre. Nikasema Upareni ni mbali. Akasema mbona sie tulitoka Songea, mbali kuliko huko, na mama yangu hakufa. Kweli hakufa. Lakini alilia mpaka basi likapotea, na mie nilikuwa nimetazama mbele.

Wazee wa kijana wanakuja Jumapili ya tarehe ishirini na tatu kuleta posa. Jumamosi hawawezi, ndiyo siku yao ya sala.

Jumanne, 11 Julai

Filomena kanikalisha kunieleza wageni wake hawali nini na hawanywi nini, nisije nikaaibika. Nguruwe hawali. Kahawa hawanywi. Chai ya majani hawanywi. Pombe ndiyo kabisa. Kasema, "Pombe, mama, hata harufu yake hawaitaki."

Nimesugua sufuria moja mara tatu nikiwaza neno hilo. Hata harufu yake.

Kisha nikajua la kufanya. Nitapika ugimbi. Pombe nyeusi ya kwetu Songea, nzito, ile inayoacha povu kwenye masharubu. Wageni wataingia, watakuta mtungi katikati ya ua, harufu imejaa mpaka kwa jirani, na mie nasema karibuni. Watainuka, watachukua kofia zao, watarudi Same. Filomena atalia wiki mbili. Halafu atapata mtu wa hapa hapa Temeke, au Keko, au mbali sana Tandika.

Na mie sitakuwa nimekataa mtu. Nimekaribisha wageni kwa kinywaji cha kwetu. Kosa liko wapi?

Nimemwomba Bikira Maria msamaha mapema kabisa, kabla sijaanza, ili baadaye nisisahau.

Taabu ni moja. Sijawahi kupika pombe. Mama ndiye aliyepika, mie nilikuwa wa kuokota kuni. Itabidi nimuulize Rosalia. Afadhali ningemeza kaa la moto.

Jumatano, 12 Julai

Nimemuuliza Rosalia. Anakaa nyumba inayotazamana na yetu, anapika pombe ya kilabuni, na ni wa Songea kama sie, ila upande wa pili wa mto. Mto huo haachi kuutaja. Upande wake ndiko kwenye wapishi, upande wetu ni wa watu wa kula tu.

Kanifanya nirudie ombi mara tatu. Mara ya kwanza kajifanya hajasikia. Ya pili kamwita mumewe aje asikie. Ya tatu kasema mkono wangu ni mkono wa uji, na kwamba kande niliyounguza mwaka wa Uhuru bado anaisikia puani. Nikavumilia. Nilikuwa nawaza Same.

Mwisho kanieleza. Loweka ulezi siku mbili. Utoe, ufunike gunia mpaka uote mikia, uanike, usage, hicho ndicho kimea. Pumba za mahindi uziloweke zichachuke, kisha uzikaange kwenye karai mpaka ziwe rangi ya kahawa. Weusi wote unatoka hapo. Chemsha uji wake, tia kimea, uache. Ukipoa ndipo utie chachu. Chachu atanipa yeye, machicha ya pombe yake iliyopita.

"Chachu ni kitu hai, Mama Filo," kasema. "Kidole chako kikishindwa kukaa mle, nayo haitaweza."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua.

Ulezi upo, ule aliotuletea kaka Albano kutoka nyumbani. Nimeuloweka leo leo.

Alhamisi, 13 Julai

Kupika pombe lazima balozi wa nyumba kumi ajue. Nimekwenda kwa Mzee Salumu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anatafuta miwani. Yeye hanywi, swala tano hazimpiti, lakini kitabu chake kina majina ya wanywaji wote wa nyumba zetu kumi.

Kauliza pombe ya nini. Nikasema ya wageni wa posa. Kauliza wageni wenyewe wanakunywa. Nikasema wataona wenyewe. Kanitazama juu ya miwani, halafu kaandika.

Kanisogezea wino nitie dole gumba, kama siku zote. Nikasema, "Balozi, nipe kalamu."

Nikaandika Anjelina. Polepole. Ile j nayo ilitoka vizuri. Mzee Salumu kakitazama kitabu muda mrefu. Kamwita mkewe, Mauwa, aje aone, naye kaja na unga mikononi, kasoma kwa kidole, akanishika bega. Nimerudi nyumbani natembea juu juu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba jina lile nimelitia kwenye ubaya.

Ijumaa, 14 Julai

Ulezi nimeuopoa, uko chini ya gunia. Nikiwa naukagua nikasikia shikamoo nyuma yangu.

Ndiye. Mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Masikio yametoka pembeni kama vipini vya sufuria. Filomena alikuwa bado zahanati kazini, lakini huyu hakuondoka. Kachuchumaa kando ya gunia langu. Kasema nikiruhusu angependa kusema neno. Nikaruhusu. Kasema ulezi ukirundikwa hivi unapata joto katikati na kuoza, afadhali niutandaze, niunyunyizie maji asubuhi na jioni, niugeuze. Na kaugeuza yeye mwenyewe kwa mikono, punje kwa punje, kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini.

Hakuuliza wa nini. Kisha kabeba ndoo, kachota maji bombani mara nne, pipa likajaa.

Nimejaribu kumchukia. Nimeanzia masikioni, nikakwama hapo hapo.

Jumapili, 16 Julai

Ulezi umeota mikia mizuri, myeupe. Nikauanika kwenye jamvi nikaenda misani. Nimerudi, kuku wa Mauwa wako juu ya jamvi, saba, wameshiba mpaka hawawezi kukimbia. Nusu ya kimea imekwenda!

Nililia. Mauwa katoka, kaniambia nisilie, mie na yeye hatujawahi kugombana. Nikamwambia leo tutaanza. Mzee Salumu kaja kuamua. Kasema kuku wana makosa kwa kula na mie nina makosa kwa kuanika chini, na kwamba hata angepewa nyumba mia moja angetoa hukumu hiyo hiyo. Mauwa kanipa jogoo. Nitampika siku ya wageni, kuku wanaruhusiwa.

Kimea kilichopungua kanijazia Rosalia, vibaba viwili. Tangu saa ile pombe ni yake. Nimemsikia akimwambia mwanamke wa bombani kwamba Mama Filo ana mtungi tu, pombe ni ya Rosalia.

Sasa nataka jambo gumu. Nataka pombe iwakimbize wageni, na nataka iwe tamu kuliko ya Rosalia.

Jumatano, 19 Julai

Nimekaanga pumba kutwa. Moshi umeingia kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye mkate. Harufu yake nilikuwa nimeisahau. Ndiyo harufu ya jiko la mama. Pumba zikawa nyekundu, zikawa rangi ya ngozi yangu, zikawa rangi ya kahawa.

Filomena karudi kazini kakuta moshi. Kauliza kama hiyo si pombe. Nikasema ni kinywaji. Kauliza cha nani. Nikasema cha baba yako. Huo ni uongo wa kwanza, nauhesabu.

 Kavua sare, kajifunga kanga, kachukua mwiko mkononi mwangu. Kasema nikapumzishe mgongo. Sikupumzika. Nilikaa kumtazama anavyogeuza pumba. Ana mkono wangu, dole gumba limelala juu ya mwiko. Akiwa mchanga nilikuwa nakaanga hivi hivi naye mgongoni, kila nikigeuza yeye anacheua begani kwangu.

Huko Same nani atajua kwamba akinyamaza chakula kikiwa mezani, ana homa? Mtu mpaka amwone miaka ndipo ajue.

Ijumaa, 21 Julai

Leo ndiyo siku ya kupika. Elinaza alifika mapema na shoka. Kapasua kuni zote, kisha kakaa kupuliza moto. Anajipulizia moto wa kumfukuza yeye mwenyewe. Niliona haya, nikampa kiti kizuri.

Uji ulichemka mweusi, mzito, unapasuka mapovu makubwa. Nikaepua, nikatia kimea, nikakoroga. Tukawa tunasubiri upoe, mie na yeye na mvuke.  Nikauliza, nipate la kusema tu, kama mama yake atakuja Jumapili. Kasema mama yake alifariki yeye yuko darasa la tatu. Atakuja shangazi, ndiye aliyemlea.

Halafu kasema huku anatazama moto, "Mama, mie sijui sana mtu anavyosema na mama yake. Nikikosea uniambie. Usininyamazie."

Macho yakanijaa. Sikutaka ayaone. Nikashika kibuyu cha chachu, nikakimimina chote mle sufuriani, mvuke bado umenifunika uso mpaka kilemba. Kidole sikutia. Kidole kilikuwa kinafuta macho. Nikakoroga, tukamimina mtungini, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikaziba kwa udongo.

Kwa mama yangu mpishi haonji kabla ya mgeni. Na mie sitaonja. Nimemwambia Kasimiri naye asiguse. Kaitikia haraka mno.

Jumamosi, 22 Julai

Nimetega sikio kwenye mtungi mara sita. Kimya.

Pombe ya Rosalia ikikaribia kuiva hunguruma kama lori linalopanda mlima, mie naisikia kutoka kwangu. Hii yangu imekaa kama mtawa. Nikapata wasiwasi. Nikajiambia labda kali ndivyo ilivyo, mbwa mkali habweki. Nikatega tena. Kimya.

Jioni nimekuta udongo umebanduka pembeni, na Kasimiri yuko kitini anaimba. Nikamuuliza ameonja. Kasema kidogo, kata mbili. Alipoinuka kayumba, kajigonga kwenye mlango, kamwomba mlango radhi. Kanishika mkono kaniita msichana wa Peramiho. Hajaniita hivyo tangu tulipokuwa Songea, tuna miaka ishirini! Kasema pombe imeiva, imeiva vibaya, kwamba anaona taa mbili.

Tuna taa mbili. Lakini nikafurahi. Ni kali basi.

Kisha nikapita chumbani, nikaona gauni la Filomena la kesho limepigwa pasi, limetundikwa ukutani. Rangi ya maziwa. Kola yake kaidarizi mwenyewe. Furaha ikapungua, ikabaki kidogo tu, ya kujaza kisahani.

Jumapili, 23 Julai

Niandike yote, na kwa utaratibu.

Wamekuja watatu. Elinaza, mjomba wake Mzee Mbonea aliyevaa koti zito kama vile Temeke kuna baridi, na shangazi yake Namsifu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa. Kaleta asali kwenye chupa. Kanishika mikono yote miwili, kasema amesikia habari zangu, kwamba nimejifunza kuandika na jina langu liko kwenye kitabu cha balozi. Elinaza alikuwa amemwambia. Kasema yeye bado anatia dole, ila akirudi ataanza. Natamani angenitukana.

Jogoo wamemsifu. Maneno ya posa yakasemwa, mazuri, Kasimiri kayajibu. Rosalia alikuwa amejikaribisha, kakaa karibu na mtungi kama mama wa mtungi. Ikabaki kinywaji.

Kasimiri kabandua udongo. Nikasimama. Nikachota kata ikajaa, nyeusi, nikasema kwa sauti kama nilivyojizoeza jikoni siku tano, "Karibuni pombe. Ugimbi wa kwetu Songea, mweusi, mkali."

 Mzee Mbonea aliyekuwa ameweka kofia gotini akairudisha kichwani. Shangazi Namsifu akatazama viganja vyake. Hivyo hivyo nilivyopanga. Kila kitu kilikwenda nilivyopanga.

Nikamtazama Filomena. Alikuwa mlangoni na gauni lake la maziwa. Hakukasirika. Alinitazama kama siku ile ana miaka mitano, nilipomwambia sindano haiumi, halafu ikaingia.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili.

Elinaza kainuka. Kapita mbele ya mjomba wake, kaja mpaka nilipo, kapokea kata kwa mikono miwili. Mjomba kamwita jina lake, mara moja tu, kwa sauti ya chini.

"Mjomba," kasema, "mama amehangaika wiki mbili. Kuni zake nimepasua mwenyewe."

Na kaiinua! Nikaishika ile kata, ikamwagika kwenye mkono wake. Nikasema, "Mwanangu, acha. Usinywe."

Sikujua neno hilo lilikuwa limekaa wapi. Mwanangu. Lilitoka kabla yangu.

Nilichelewa. Alikuwa ameshameza. Kasimama vile vile, kakunja uso, katazama ndani ya kata. Kanitazama mie. Kanywa tena, mara hii bila haraka, kisha kampelekea shangazi yake.

"Onja, shangazi. Hii togwa."

Namsifu kaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha kanywa. Kisha kainua kata mpaka tukaona chini yake. Kasema ni togwa, haina kilevi hata tone, na hajapata kunywa togwa kama hiyo, tamu halafu ina ukali wa mbali, na huo weusi unatoka wapi. Mzee Mbonea naye akapewa. Kofia ikarudi gotini. Ila kauliza, kwa adabu, kwa nini basi nimeiita pombe.

 Niko katikati ya ua na mkono mtupu. Ndipo Kasimiri, ambaye miaka yote hajanisaidia kwa neno hata moja la maana, kasema sie wa upande ule wa mto kila kitokacho mtungini huwa tunakiita pombe, ni kuzoea tu, mgeni asishtuke. Mzee Mbonea kacheka, kasema alidhani wanafukuzwa. Wote wakacheka. Mie nilicheka kuliko wote, hata ikawa si vizuri.

Rosalia kanywa yake taratibu. Kanitazama. Kainua kidole kimoja hewani, kakichovya kwenye uji ambao haupo, kakitoa haraka kama kimeungua. Nikaelewa. Chachu yake niliiua siku ile kwenye uji wa moto. Namshukuru hakusema kitu. Alikaa na neno hilo zaidi ya saa nzima, sijui aliliweka wapi.

Mtungi umekwisha. Namsifu kasema nyumba inayojisumbua hivi kwa ajili ya watu wasiokunywa ni nyumba yenye heshima, mtoto wake anaingia mahali pazuri. Nikalia. Nikasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Posa imekubaliwa. Kasimiri bado anashikilia kwamba jana alilewa kweli.

Jumatatu, 24 Julai

Mtaa mzima unajua. Nimekwenda bombani, wanawake wakauliza kama nina uji wa kulevya. Rosalia kasema yeye hakusema. Alimwambia mumewe tu, na mumewe ana kilabu kizima cha marafiki. Halafu kaja na sahani ya maandazi, kakaa nami, hakunicheka tena. Yeye bintiye yuko Tabora mwaka wa sita. Sikuwa nimewahi kumuuliza habari zake. Nimemuuliza leo, tukakaa mpaka maandazi yakaisha.

Mchana nimeosha mtungi na Filomena. Anasugua ndani, mie nashikilia. Kasema bila kuinua kichwa, "Mama, ulitaka wasuse?"

Nilidhani nitasema uongo wa pili. Haukuja.

"Nilitaka ubaki."

 Kamwaga maji, katia mengine. Kisha kasema, "Ningebaki, ungekuwa unaniona nalia kila siku. Hilo ulilifikiria?"

"Nililifikiria. Nilikadiria wiki mbili."

Kacheka mpaka mtungi ukamteleza, nikaudaka kwa miguu. Kisha kalaza kichwa begani kwangu, mikono yake imelowa, maji yanashuka mgongoni mwangu, baridi, nami sikusogea. Kasema Same kuna posta. Kasema sasa najua kuandika, nitamwandikia mwenyewe, hakuna mtu wa tatu wa kusoma mambo yetu. Nikasema g bado inanishinda. Akasema ataisoma hivyo hivyo.

Nimemwahidi hila basi. Na hapa naandika ili ibaki kwenye karatasi: HILA BASI. Kwa herufi kubwa.

Jumatano, 26 Julai

Hii si hila. Ni mpango.

Shangazi Namsifu kabla ya kusafiri alipita kuaga, akaomba nije Same siku za harusi niwafundishe togwa nyeusi wanawake wa kwao. Nikasema nitakuja wiki moja. Kasimiri karuhusu wiki moja.

Sasa mtu akiwa Same wiki moja, halafu goti likamshika, je, atapanda basi? Hawezi. Na Filomena ni mtu wa zahanati, hatakubali mama yake asafiri na goti bovu. Itakuwa mwezi. Mwezi huo mvua zitaanza, barabara za milimani hazipitiki. Itakuwa miezi mitatu. Na kwa hesabu zangu, miezi mitatu baada ya harusi binti anaweza akaanza kutapika asubuhi, na hapo nani ataniambia niondoke? Kasimiri anajua kupika ugali. Rosalia atamwangalia.

Goti halitaki kuanza ghafla huko, watu watashuku. Kwa hiyo nimeanza kuchechemea tangu asubuhi, ili mtaa uzoee. Mauwa kanipa pole. Mzee Salumu kanitolea kiti. Elinaza kaja na dawa ya kuchua, kapiga magoti, kanichua mwenyewe, taratibu sana, anauliza kila mara kama anaumiza. Nimemwambia hapana, mwanangu, endelea.

Imekwenda vizuri sana. Jioni tu ndipo Kasimiri kanitazama nikivuka ua na maji, kauliza imekuwaje ugonjwa umehamia mguu wa kulia.